Pua ya Sheikh Muhannad

Wazee wetu wamepokea kutoka kwa waliowatangulia kwamba katika mji wa Sarwa, chini ya milima, aliishi muuza dawa za miti aitwaye Sheikh Muhannad bin Jabir, Mwenyezi Mungu amrehemu. Zama hizo dawa ilikuwa amana. Mizizi ikikauka hufanana, kwa hiyo haikufungwa kwenye kitambaa mpaka muuzaji ainuse mwenyewe, mmoja mmoja, huku akisema Bismillahi.

Miongoni mwa wateja wake alikuwamo Bibi Lubaba, mjane mchamungu ambaye mishipa yake ya damu ilikuwa dhaifu mno. Akiguswa kidogo, ngozi huvilia damu. Akisujudu, pua humtoka damu. Kwa miaka sita alikunywa maji ya mzizi mwekundu wa milimani, wenye harufu ya udongo ulioonja mvua, na kwa idhini ya Mola akapata nafuu.

Siku moja alikuja dukani ameziba pua kwa kitambaa kilicholowa damu, mikono imejaa mabaka.

"Sheikh, mzizi wa safari hii hauna harufu."

"Mbona uliunywa, bibi yangu?"

"Nilijiambia, mimi nani hata nimsahihishe Sheikh Muhannad?"

Sheikh akainamisha kichwa. Tangu homa iliyomshika mwezi wa Rajabu, hakusikia tena harufu ya kitu chochote, hata ubani. Aliendelea kuuinua mzizi puani kama alivyofanya marehemu baba yake, kisha akauza kwa kukisia. Hakumwambia mtu, kwani duka lile ndilo lililokuwa heshima ya ukoo wake.

Ijumaa ile, baada ya swala, akasimama msikitini. "Ndugu zangu, pua yangu imekufa. Nimewadanganya miezi mitatu. Aliyenunua mzizi kwangu asiunywe, aurudishe."

"Muuza dawa asiyenusa!" mmoja akadakia. "Afadhali muadhini bubu!"

Watu wakacheka. Sheikh akaenda kufunga duka. Akamkuta Bibi Lubaba ameketi mlangoni.

"Niwie radhi, bibi. Nafunga."

"Hufungi. Pua yangu inavuja, lakini inanusa. Yako haivuji, lakini hainusi. Leta mizizi."

Akainusa yote, akipumzika kila damu ilipomjia. Katika rundo zima ikapatikana mitatu ya kweli. Akachemshiwa, akanywa, na baada ya siku chache damu ikakatika.

Tangu hapo, kila asubuhi Bibi Lubaba aliinusa mizizi nyuma ya pazia, Sheikh akaifunga kitambaani. Na vitambaa vya duka lile vikawa na mafundo mawili: moja la aliyefunga, la pili la aliyenusa.

Simlaumu Sheikh kwa miezi ile mitatu. Nani kati yetu hajapata kuinua puani asichokinusa? Ninachokitamani ni zama zile, mtu alipoweza kusema mbele ya watu kwamba pua yake imekufa, na kabla jua halijatua akapata wa kumnusia.