Kwa Nini Besi Mbili Hazipigwi Pamoja

Ninyi mnaotupigia muziki harusini, nimewatazama. Kabla ya kuingiza wimbo wa pili, mnashika kitufe na kupunguza besi, ule mngurumo mzito, ya wimbo mmoja. Huenda mnadhani mashine ndiyo iliyowafundisha. Sivyo.

Zamani, kabla ya umeme na spika, ngoma kubwa haikujua kunyamaza. Pale kijijini kwetu Mikundi kila ukoo ulikuwa na msondo wake, ile ngoma ndefu inayonguruma hadi kifuani, na ngoma ndogo za chapuo na kayamba zake. Koo mbili zikikutana, kila msondo ulipigwa kwa nguvu zote. Aliyeacha kupiga kwanza alihesabiwa ameshindwa, na ukoo wake ulichekwa mwaka mzima.

Ikafika harusi ya Mwanahija. Alikuwa yatima, amelelewa na nyanya yake, Bi Siwema, na sasa anaolewa mbali, safari ya siku sita. Bi Siwema alikuwa mgonjwa wa kifua. Walimleta uwanjani amebebwa kitandani ili amwimbie mjukuu wake wimbo wa kumuaga, kwa maana wote walijua hawataonana tena.

Msondo wa upande wa bwana harusi ulipigwa na Chande. Wa upande wa bibi harusi ulipigwa na Mwinyikondo. Mingurumo ya ngoma mbili ikagongana. Wachezaji wakapoteza hatua, wakakanyagana. Bi Siwema akafungua kinywa, midomo ikacheza, sauti isisikike. Mwanahija akainama hadi sikio likakaribia kinywa cha nyanya yake. Bado hakusikia neno. Akaanza kulia.

Mwinyikondo aliyaona machozi yale. Akainua mikono yake juu ya msondo, akaiacha hewani. Chapuo na kayamba za kwao zikaendelea.

"Piga, bwana! Unatutia aibu!" ndugu zake wakamkemea.

"Aibu nitaibeba mimi," akajibu. "Mwacheni mama aimbe."

Ukabaki msondo mmoja. Miguu ya wachezaji ikaiona njia yake, na juu ya mngurumo ule, nyembamba lakini nzima, ikapanda sauti ya Bi Siwema. Akaimba beti zote. Mwanahija akazipokea moja moja, akimshika mkono.

Wimbo ulipokwisha, Chande alikuwa ameshaelewa kwamba mwenzake hakushindwa, bali alimpisha mwimbaji. Akainua mikono yake pia, akamtazama mwenzake, akamwashiria kwa kichwa. Mwinyikondo akaingia pale pale, na hakuna mchezaji aliyesimama. Ndipo Chande akavuka uwanja, akamkumbatia mbele ya koo zote mbili.

"Ahsante, ndugu yangu," akasema. "Miaka yote hii, leo ndiyo mara ya kwanza naisikia ngoma yangu."

Hakuna aliyecheka.

Na tangu siku hiyo, penye misondo miwili, mmoja hungoja. Spika zilipokuja, vitukuu wa wapigaji wale ndio waliokuwa wa kwanza kwetu kushika mashine, wakaingia nayo desturi ile: besi ya wimbo huu hushuka, ndipo ya ule ipande, na sauti ya mwimbaji ipate nafasi katikati.

Kwa hiyo leo mkipunguza besi, sisi wazee tuliokaa kwenye viti vya nyuma huwa tunasikia maneno ya wimbo. Hatujawahi kuwaambia. Ahsanteni, wanangu.