Ardhi Iliyosingiziwa

Kulikuwa na mkulima mmoja, ndugu zangu, mwanamke aliyeachiwa na mama yake shamba la viazi vitamu. Kule kwao viazi vikivunwa huchemshwa, hukatwa vipande, huanikwa juu ya mwamba mpaka vikauke. Huitwa matobolwa, na mtoto wa kule huyatafuna kabla hajaweza kutamka jina la baba yake. Lakini mbegu ya viazi hivyo si punje ya kuwekwa kwenye debe. Ni marando, mashina mabichi yanayotambaa. Kiangazi kikiingia huna budi kuyatunza kwenye kitalu kidogo na kuyanywesha, hata kwa maji uliyooshea vyombo. Yakikauka kiangazi kimoja tu, mbegu ya ukoo imekwisha. Mama yake aliinywesha mbegu hiyo tangu alipoolewa mpaka alipozikwa.

Basi pale njia panda likafunguliwa duka. Soda baridi, krispi, na mlangoni karai la chipsi. Mkulima wetu akaonja. Nyinyi mnaocheka huko nyuma, nyinyi hamkuonja? Akaanza kwa Jumapili. Ikawa kila siku ya gulio. Mwisho hata maji yakawa hayapiti kooni mpaka yatiwe rangi.

Mwaka ule akavuna, akaanika, akatafuna kipande, akakitema.

"Udongo mtupu! Ardhi hii imechoka. Viazi vimechuja."

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa hapo akimsaidia kuanika. Akachukua kipande naye, akatafuna.

"Kilichochuja ni kipi, wifi? Mbona mimi naviona vilevile?"

"Wewe una njaa. Mwenye njaa hata gome la mti atalisifu."

"Haya, bibi harusi wa chipsi. Nimekoma."

Mkulima akafunga gunia la matobolwa, akalisukuma darini, panya wajipatie. Na kiangazi kilipoingia akatangaza kwamba hatapoteza hata kata ya maji kwenye kitalu kile.

"Mbegu ya mama yako hiyo, wifi," yule akamwambia.

"Mama amekwenda, na utamu amekwenda nao."

Mnaisikia hukumu hiyo? Ardhi imehukumiwa kufa. Shahidi ni nani? Ulimi mmoja! Na nani aliyempima afya shahidi huyo kabla hajapanda kizimbani?

Kichwa kikaanza kumgonga, macho yakawa yanaona nyota mchana. Wifi akamkokota hadi zahanati. Muuguzi akampima presha, akakunja uso.

"Mama, unakula nini?"

"Chakula."

"Chakula gani?"

"Cha njia panda, nesi," wifi akadakia. "Huyu mkimchoma sindano itatoka soda."

Muuguzi hakucheka. "Soda, krispi, chipsi, viungo vya pakiti, uviache. Sikutishi, mama. Nakusihi."

Akaviacha, kwa hofu, si kwa mapenzi. Na ilikuwa vita! Mchicha aliuona kama karatasi iliyolowa. Uji usio na sukari aliunywa amefumba macho, kama anakunywa mwarobaini. Akipita njia panda anashika upande wa pili wa barabara, na harufu ya karai inavuka kumfuata. Alinuna. Alimwambia wifi yake kwamba kuishi bila ladha ni kutumikia kifungo.

"Basi tumikia," wifi akamjibu. "Wajane wapo wengi, lakini mwanamume aliyefiwa na mke kwetu bado hatujamwona. Usituanzishie kwa kaka yangu."

Siku moja hapakuwa na kitu jikoni. Mwanamke akakumbuka lile gunia. Akapanda, akatoa kipande cha tobolwa, akakipangusa vumbi, akakitia kinywani kwa kukosa njia. Akatafuna.

Akaacha kutafuna.

Utamu ulikuja kutoka mbali, nyuma kabisa ya ulimi, kama mgeni mwenye adabu anayepiga hodi na kungoja. Kisha ukaingia. Ukaja na harufu ya moshi wa kuni, ukaja na jua la juu ya mwamba, ukaja na kitu cha utotoni ambacho hakukijua jina lake. Akaketi chini palepale, mkono kinywani.

"Wifi! Nani ametia sukari kwenye gunia langu?"

"Sukari gani? Si ndiyo yaleyale uliyowaachia panya?"

"Yaleyale?"

"Yaleyale. Panya wamekuzidi akili."

Alitafuna tena, polepole, kwa woga, kama mtu aliyeingia mahali patakatifu bila kubisha hodi. Akateka maji mtungini, akanywa. Maji yalikuwa na ladha! Maji, ndugu zangu! Ndipo akajua kwamba ardhi haikuwahi kuchoka. Kila msimu ilimletea asali mpaka mdomoni, naye akaitema.

Na ndipo akakumbuka kitalu.

Alikimbia. Marando yalikuwa yamelala kama kamba kuukuu. Akapiga magoti, akavunja shina. Kavu. Jingine, kavu. Akavunja huku akimwita mama yake, na mkononi vumbi tupu. Wifi akasimama nyuma yake, utani umemwisha. Kwenye kona, chini ya majani makavu, mkulima akavunja shina jembamba kama uzi. Likatoka tone moja la utomvu, jeupe, bichi, kama maziwa ya mama.

Hakulia, hakucheka. Alilitazama tone lile kama mtu aliyesikia pumzi kutoka ndani ya sanda.

Sasa sisi. Sisi tunaojua kubishana mikutanoni mpaka kipaza sauti kizime. Tunasema sala haina ladha. Tunasema mboga za nyumbani hazina ladha. Nani alitupa kiti cha hakimu ilhali shahidi wetu amelewa? Tunamtilia soda mtoto asiyejua kutembea ili anyamaze, kisha tunashangaa anakataa papai! Mimi sishangai. Mimi nakasirika.

Wala msiniambie haya ni mambo ya roho tu. Ninaizungumzia sahani pia! Aliyeficha utamu ndani ya kiazi, gizani, chini ya udongo, pasipo bango wala tangazo, hakuwa akifanya mzaha. Kazi yake ilikwisha kabla hatujazaliwa. Hatuna haja ya kumwomba aongeze sukari. Tumwombe atuponye vinywa, nasi tuvipe nafasi ya kupona, hata kama siku za kwanza zitakuwa chungu. Na zitakuwa chungu, asiwadanganye mtu.

Lakini tufanye haraka. Mwenzetu alikuta shina moja lililo hai. Sisi hatukuahidiwa hata hilo.