Konzi Arobaini na Tatu

Mwaka ule jua liliwaka nyikani mpaka mawe nayo yakatamani kivuli. Mto ulibaki mchanga mtupu, nyasi zikageuka vumbi, na kila mnyama alikuwa akitupia jicho upande wa kusini, mawingu yanakotokea, kisha anajifanya alikuwa akitazama kitu kingine. Katika dhiki hiyo Mama Kanga na mumewe walikuwa na kitu kimoja cha kujivunia, nacho ni kihenge cha mtama kilichojaa mpaka shingoni.

Haukuwa mtama wa kula. Ulikuwa mbegu. Mvua ikinyesha wangepanda, wakipanda wangevuna, na vifaranga wao wanane wangeuona mwaka mwingine. Kila asubuhi Mama Kanga alikigonga kihenge kwa mdomo, akasikia kinavyoitika kwa sauti nzito ya kitu kilichoshiba, ndipo akatoka na watoto kwenda kuchakura mchwa na mizizi ya kutia tumboni.

Fisi naye alikuwa akikinyemelea kihenge hicho kwa macho. Kweli, Fisi hali mtama. Lakini alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake: msimu wa kupanda ukifika, asiye na mbegu atatoa chochote ili apate mbegu, na Kanga asiye na mbegu ana vifaranga wanane. Konzi moja ya mtama, yaani ujazo wa kiganja kimoja, kwa kifaranga kimoja kinono. Alipofikia hapo kwenye hesabu mate yalimdondoka mpaka yakamlowesha miguu.

Akaenda kwa Simba. Alijua kwamba Simba hana tamaa ya mtama wala ya hila, ila anapenda sana kuambiwa kwamba yeye ni mkubwa. Fisi akainama, akasema amepata habari za mfalme wa msitu wa mbali ambaye kila wiki hulala siku mbili mfululizo, na raia zake hata kikohozi hukimeza.

"Siku mbili?" akauliza Simba.

"Jumamosi na Jumapili, Mtukufu. Anasema mfalme anayeamshwa na kuku ni mfalme wa kuku."

Hadi dakika ile Simba hakuwa amechoka. Sasa alihisi uchovu wa miaka. Ijumaa ile ile ikatangazwa amri: Jumamosi na Jumapili hakuna kuchimba, kuchakura, kukimbizana wala kupaza sauti. Kila mtu apumzike, na mwenye neno alinong'one.

Wanyama walifurahi, na hakuna aliyefurahi kuliko Baba Kanga. Alimwambia mkewe kwamba siku mbili za kukaa kitako ni neema, tena kukaa hakuna gharama. Maskini, aliamini kabisa.

Jumamosi, jua halijapanda vizuri, Fisi alikuwa amekwisha kufungua genge lake pale njia panda. Alipanga kashata, ubuyu, vipande vya muwa, ugoro, chumvi, magadi na hina. Kila kitu bei moja, konzi moja tu ya mtama, au ya kunde kwa asiye na mtama. Na kwa desturi ya soko la nyika ile, bei hupimwa kwa kiganja cha muuzaji. Mnunuzi naye, akishapewa chake, hujichotea nyongeza mara moja kwa mkono au mdomo wake mwenyewe. Fisi aliifuata desturi hiyo kwa tabasamu. Ila kiganja chake kilikuwa kikubwa mfano wa bakuli, na alikuwa amekipaka asali, hata akichota konzi moja, punje nyingine zinaganda nyuma ya mkono na katikati ya makucha.

"Chukua nyongeza, mama, ni haki yako," alinong'ona kwa kila mteja. Kisha akautazama mdomo mdogo wa Kanga ukidonoa chembe ya kashata, na moyo wake ukatulia.

Basi nyumbani kwa Kanga siku ikaanza. Watoto waliozoea kuchakura tangu alfajiri, ilipofika saa tatu hawakuwa na la kufanya. Kitinda mimba akaanza kulia kwa kunong'ona, kilio kinachochosha kuliko kilio cha kawaida, akanunuliwa kashata. Ukimpa mmoja umewapa wanane. Baada ya kashata wakataka ubuyu, kwa sababu kashata imewakaba koo. Baba Kanga alikwenda kunyoosha miguu, akarudi na ugoro. Mchana akaja shemeji yake kumtembelea, na mgeni hakai na kinywa kikavu, akatolewa muwa, akasifu, akatolewa wa pili.

Mama Kanga aliona haya yote na kuguna. Yeye alinunua chumvi tu. Chumvi ikamwagika, akanunua nyingine. Kisha magadi. Na Jumapili, kwa kuwa siku ya kupumzika ndiyo siku ambayo mtu hujitazama, akaona miguu yake imepauka, akanunua hina kidogo.

Hakuna aliyegombana na mtu, hakuna aliyevunja kitu, na hakuna aliyekwenda kihengeni mara moja akachukua mtama mwingi. Ilikuwa wikiendi tulivu kuliko zote walizowahi kuwa nazo.

Jumatatu asubuhi Mama Kanga aligonga kihenge. Kikalia kama ngoma.

Alifunua, akachungulia, akaketi chini. Mtama uliokuwa shingoni sasa ulikuwa magotini, tena magoti ya kanga. Akamwita mumewe, akaita na watoto, na kila mmoja akaapa kwamba alichotumia yeye kilikuwa kidogo tu. Baba alisema ugoro ni unga, utamaliza vipi kihenge? Mama akaokota kokoto, akaanza kuziweka chini. Watoto wanane, kashata Jumamosi, ubuyu mara mbili, kashata tena Jumapili: thelathini na mbili. Baba, ugoro mara tano na muwa wa shemeji mara mbili: saba. Mwishoni, bila kumtazama mtu, akaongeza nne zake mwenyewe. Konzi arobaini na tatu, tena konzi za kiganja cha Fisi.

Aliona aibu, na nyuma ya aibu ikaja hofu. Kilichobaki kisingepanda hata robo ya shamba. Na kabla hajainuka, Fisi akapita mlangoni, akasalimu kwa adabu, akawatazama watoto mmoja mmoja. Akasema amesikia mvua iko karibu, na kama kuna jirani atakayehitaji mbegu, anayo gunia zima. Bei si kubwa, konzi kwa kifaranga.

"Fikirini taratibu," akasema. "Mimi sina haraka."

Mama Kanga alikwenda kwa Sungura mbio. Alimkuta shimoni mwake, amejikunyata, si kawaida yake. Sungura akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akakiri kwa sauti ndogo kwamba hata yeye, bingwa wa hila nyika nzima, alikuwa ameacha gengeni konzi kumi na moja za kunde, zote kwa vipande vya muwa.

"Nilijiona mjanja," akasema. "Kila mara nilitoka pale nikijipongeza kwamba nimetumia kidogo."

Kisha masikio ya Sungura yakaanza kusimama, moja baada ya jingine.

"Shoga yangu, ulipokuwa ukichota nyongeza, Fisi alitazama wapi?"

"Mdomoni mwangu."

"Shingoni hakutazama?"

"Shingoni pana nini?"

"Pana kile kifuko chenu cha kuwekea nafaka kabla haijashuka tumboni. Fisi amekula ndege wengi maishani mwake, lakini yule humeza kwanza. Hajawahi kuona kilichomo."

Mama Kanga akaanza kuelewa. Kilichobaki ni kitu cha kulipia, na Sungura akamwambia kitu hicho kimejaa nyikani bure. Ukame ulikuwa umetawanya mifupa mikavu kila mahali. Wiki nzima, Baba Kanga, Mama Kanga na watoto wanane waliokota vipande vya mifupa, wakavilundika nyuma ya nyumba. Baba hakugusa ugoro hata mara moja, ingawa alipiga chafya kwa kuukumbuka.

Jumamosi ya pili ikafika, na Simba akalala. Fisi akafungua genge, asiuze kitu. Watoto wa Kanga walipita mbele ya kashata bila kugeuza shingo. Ilipofika saa nne Fisi alikuwa na njaa inayomkata, maana amri ya kutokimbizana ilimbana na yeye, na toka Ijumaa hakuwa ametia kitu mdomoni. Hapo ndipo Mama Kanga alipotokea, ameshika kipande cha mfupa.

"Nimekuja kununua mtama, Bwana Fisi."

"Umeleta kifaranga?"

"Nimeleta mfupa. Unipe punje moja."

Fisi alidhani njaa imemharibu masikio. Akamwomba arudie. Punje moja ya mtama, kitu asichokila, kwa mfupa, kitu anachokiota? Alitafuta punje ndogo kuliko zote, akaitoa kwa ncha ya ukucha kwa heshima nyingi, akaupokea mfupa.

"Na nyongeza yangu?"

"Chukua, mama, ni haki yako," akasema Fisi, tayari anatafuna.

Mama Kanga akazamisha mdomo guniani, na hakuinua kichwa mpaka kifuko cha shingoni kikajaa. Ilikuwa mara moja, kama desturi inavyotaka. Akaondoka pole pole, shingo imetuna, hawezi hata kuaga. Nyumbani akaumwaga mtama kihengeni. Wakati huo Baba Kanga alikuwa amekwisha kufika gengeni na mfupa wake, na nyuma yake watoto wanane wamejipanga mstari.

Walizunguka hivyo Jumamosi yote. Jumapili wakaendelea. Kila aliyekuja alitoa mfupa, akapewa punje, akaambiwa achukue nyongeza ni haki yake. Fisi alilala ubavu kando ya gunia, anatafuna, anahesabu moyoni. Kila punje aliyouza aliikumbuka. Kufikia alasiri ya Jumapili zilikuwa mia na sitini, na akacheka kimoyomoyo, kwa kuwa punje mia na sitini hazijazi hata nusu ya kiganja chake. Nyongeza hakuihesabu. Nani anahesabu nyongeza?

Kikapita kiupepo, gunia likaanguka.

Fisi akalitazama. Gunia la mtama haliangushwi na upepo. Akaingiza kichwa ndani, akakuta makapi na doa la asali. Akasahau amri, akasahau mfalme, akatoa ule ukelele wa fisi ambao mtu hajui ni kicheko au kilio, ukasikika mpaka ng'ambo ya mto.

Simba akatoka pangoni, manyoya yamesimama.

"Nani amepiga kelele?"

"Nimeibiwa, Mtukufu. Kanga wamenimalizia mtama."

"Walivunja genge?"

"Hapana. Walinunua."

"Hawakulipa?"

"Walilipa mifupa."

"Iko wapi?"

Fisi akajilamba midomo. Akasema kosa liko kwenye nyongeza, wamechukua nyongeza nyingi. Simba akauliza kama waliichukua bila ruhusa, na Fisi akashindwa kudanganya, kwa sababu katika utulivu ule wa amri hata mnong'ono ulisikika mbali, na majirani wote walikuwa wamemsikia akisema "chukua" mara mia na sitini.

Sungura akajongea, akainama, akasema kwa unyenyekevu kwamba yeye ana swali dogo tu: mtama wote huo ulifikaje kwa mtu asiyekula mtama? Labda Mtukufu atatamani kuona kiganja kilichopima. Simba akaamuru. Fisi alipofungua kiganja, punje saba zilikuwa bado zimeganda kwenye asali, na hakuwa amechota mtama tangu wiki iliyopita.

Simba akazitazama punje zile kwa muda mrefu. Akaelewa kwamba amelazwa usingizi siku nne ili mtu afanye biashara, na jambo hilo lilimchoma kuliko mwiba. Hakulisema. Alinguruma mara moja, na Fisi akauvuka mto mkavu bila kuchagua njia. Genge likafungwa, Sungura akarudishiwa kunde zake. Kisha mfalme akatangaza kwamba kuanzia kesho amri ya kupumzika imefutwa, na kwamba wazo la kuifuta ni lake mwenyewe. Hakuna aliyembishia.

Siku ya tisa baada ya hapo mvua ikanyesha. Kanga wote kumi wakaingia shambani, mama akitoboa mashimo, watoto wakidondosha mbegu, baba akifukia. Wakiwa katikati ya kazi, sauti ikawafikia toka ng'ambo ya mto. Alikuwa Fisi, amekonda, amelowa, na katika taabu zake zote bado jambo moja lilimnyima raha.

"Mama Kanga, nieleze tu, sikudai," akaita. "Niliuza punje mia na sitini, nilizihesabu mwenyewe. Nyingine zote zilikwenda wapi?"

Mama Kanga hakuinua kichwa. Alitoboa shimo jingine, akangoja mwanawe atie mbegu.

"Zilikwenda kule zilikokwenda zangu, Bwana Fisi," akajibu. "Bandu bandu huisha gogo."