Fungu la Rayhana

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika viunga vya Basra aliishi mtia rangi nguo, Zufar bin Hatim, pamoja na mkewe Rayhana, Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili. Mafuriko yalibomoa birika lao la rangi, wakakopa kwa Abu Khalaf, mfanyabiashara wa sufu, ili wajenge jingine. Deni wakaligawa mafungu mawili. Fungu la Zufar liliwekewa rahani birika lenyewe. La Rayhana lilisimama juu ya ahadi yake tu. Kila mwezi ulipoandama walipeleka dinari moja, nusu kutokana na rangi ya mume, nusu kutokana na uzi aliousokota mke. Hawakuwahi kuchelewa.

Kisha Rayhana akashikwa na homa, akafariki. Makaburini, kabla watu hawajatawanyika, Zufar alisimama kama ilivyo ada, akasema, "Anayemdai marehemu na aje kwangu." Abu Khalaf alikuwapo. Aliinamisha kichwa, hakutamka neno.

Siku za matanga zilipokwisha, Sahl mwokaji mikate, jirani wa Zufar, alimjia uso umemchangamka.

"Ndugu yangu, umepumua! Umenadi mbele ya watu, na mwenye mali kanyamaza. Fungu la mkeo limesamehewa."

"Kunyamaza makaburini ni adabu, Sahl. Si msamaha."

"Haya, na asiposamehe atamdai nani? Marehemu kaacha nini? Kijiti cha kusokotea na kanzu mbili! Lipa lako, ulale."

Ni kweli kwamba sheria haikumlazimu Zufar kulipa deni la mkewe kwa mali yake mwenyewe. Lakini alilijua neno la Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba nafsi ya muumini hufungika kwa deni lake mpaka alipiwe. Akakaa kupiga hesabu. Akiwalisha binti zake, rangi ingembakizia nusu dinari kwa mwezi. Ilitosha fungu moja, haikutosha mawili.

Hakungoja mwezi uandame. Aliswali Alasiri, akaenda dukani kwa Abu Khalaf.

"Subhanallah!" akasema mfanyabiashara. "Wadaiwa wangu wakiniona sokoni hugeuka kama waliosahau kitu nyumbani. Wewe unanifuata, tena kabla ya siku. Unaumwa?"

"Nimekuja mapema kwa kuwa siku ikifika sitakuwa na ulichozoea. Nitaweza nusu dinari kila mwezi, si zaidi."

"Tulipatana dinari nzima."

"Tulipatana. Mikono ilikuwa minne."

Abu Khalaf akauliza, "Na hiyo nusu ikikushinda?"

"Utanisikia mapema kuliko leo."

"Birika ni rahani yangu, Zufar. Naweza kulichukua."

"Ni haki yako. Ila ukilichukua, hata hiyo nusu haitakuja."

Mzee yule akacheka, kisha uso ukamtulia. "Sikiliza. Mali niliyowakopesha ni ya mayatima ninaowalea. Siwezi kuisamehe, wala sikuwa na uso wa kudai penye kaburi bichi. Ndiyo maana nilinyamaza."

Zufar akamshukuru Mola wake moyoni kwa kutomsikiliza Sahl.

"Lakini kukungoja naweza," akaendelea Abu Khalaf, "maana tumeamriwa kumpa muda mwenye dhiki. Lete nusu, tuanze na fungu lako ulikomboe birika."

"Hapana. Anza na lake."

"La kwako ndilo lenye rahani, bwana! Mtu hujiokoa kwanza."

"Mimi nikichelewa, nina miguu ya kuja kukuomba muda," akasema Zufar. "Yeye hana."

Wakapatana hivyo. Miezi iliyofuata kazi ilikuwa haba mara nyingine, na kila ilipokuwa haba Zufar alitangulia kusema. Hatimaye ikafika siku ambayo Abu Khalaf aliwageukia waliokuwapo dukani akatamka, "Shuhudieni. Rayhana binti Aws hadaiwi kitu nami wala na mayatima."

Zufar alirudi nyumbani. Deni lake mwenyewe lilikuwa zima, na birika lilikuwa bado rahani. Usiku ule alilala usingizi mzito.

Enyi ndugu, riziki hupungua bila ya ridhaa yetu. Ukweli haupungui ila kwa ridhaa yetu. Ambaye mambo yamembadilikia na amwendee anayemdai kwa miguu yake, kabla ya siku. Mwenyezi Mungu atulipie madeni yetu na ya wale waliotutangulia kaburini. Amina.