Mstari Mmoja wa Daftari

Sogeeni. Mwenye jino linalouma akae mbele, maana kisa hiki kinamhusu. Mwenye haraka aondoke sasa, kwa sababu mwishoni nitamdai jibu.

Palikuwa na madaktari watatu wa meno. Shahada walikuwa nazo, na miaka ya kung'oa na kuziba meno wilayani walikuwa nayo, lakini walirudi hospitali kubwa kwa mwaka mmoja wa mafunzo ya juu, wajifunze yale yanayowashinda wenzao. Tumpe alijaliwa jicho: alimjua mgonjwa kabla hajafungua mdomo. Shaibu alijaliwa ulimi: mwenye hofu alitulia akimsikiliza. Masunga alijaliwa mkono. Maneno yalikuwa mazito kwake, lakini chombo kilikuwa chepesi.

Mwalimu wao, Daktari Kileo, alikuwa na sheria isiyopinda. Kila mmoja alitakiwa kuwa na visa vizito ishirini daftarini, na kila kisa kilikuwa na mstari mmoja wa jina la aliyemtibu mgonjwa. Jina moja, si mawili. Siku ya mwisho ilipofika, wote watatu walikuwa na kumi na tisa. Daftari lingefungwa saa kumi jioni, na atakayepungukiwa angerudia mwaka mzima. Tumpe alikuwa na mtoto mdogo huko Tukuyu, ambaye sasa alikuwa ameanza kumwita bibi yake mama. Wilaya ya Shaibu haikuwa na daktari mwingine wa meno. Masunga alikuwa ameshaurudia mwaka huo mara moja, na hakuna anayeruhusiwa kurudia mara mbili.

Mchana huo Tumpe alichelewa kutoka kula. Kwa kuogopa kuonekana na mwalimu, alipitia mlango wa wagonjwa badala ya ule wa nyuma. Kwenye benchi, namba thelathini na moja, alikaa fundi saa mmoja, Mzee Lukuba, kadi yake imeandikwa "jino, asubiri". Wengine waliona shavu lililovimba tu. Tumpe aliona kidevu kilichosukumwa mbele, mate yanayotiririka kwa sababu hayamezeki, na uvimbe ulioshuka chini ya taya pande zote mbili. Ugonjwa wa jino ulikuwa unamziba pumzi. Alimshika mkono akampitisha mbele ya watu thelathini, huku wakimtukana. Angewahi kazini, asingemwona.

Ndani, mzee alipoona kisu alisimama.

"Kisu hapana," alisema kwa sauti iliyokwama mdomoni. "Nirudisheni nyumbani."

Shaibu alipiga magoti mlangoni, mzee asipate pa kupita. "Shikamoo, baba."

Mzee alijaribu kumsukuma apite.

"Ukitoka hapa hufiki hata getini, baba. Nakwambia kama ninavyomwambia mzazi wangu. Tazama." Akainua kidevu na kuonyesha kovu. "Na mimi nilipasuliwa hivi hivi. Niko hai."

Mzee aliligusa lile kovu kwa kidole, akarudi kitini. Kumlaza kungemmaliza, kwa hiyo Shaibu alimshikilia akiwa amekaa wima, akimhesabia pumzi sikioni hadi mwisho. Lile kovu, jamani, Shaibu alilipata alipoanguka na baiskeli akiwa darasa la tano.

Daktari Kileo alikuwa akipasua mgonjwa mwingine jengo la pili, na simu yake iliita bila kupokelewa. Sheria ilisema mwanafunzi asipasue shingo mwalimu akiwa hayupo. Midomo ya mzee ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

"Naogopa," alisema Masunga. Kisha akachoma sindano ya ganzi, akapasua chini ya taya, padogo, kina kamili. Usaha ukatoka, harufu ikajaa chumbani, na mzee akavuta pumzi ndefu ya kwanza. Tumpe alilia bila kujificha.

Mwalimu alifika saa kumi kasoro dakika kumi. Alimkagua mgonjwa, akaelezwa yote: kuchelewa, uongo, na sheria iliyovunjwa. Akafungua daftari.

"Mmemrudisha mtu kutoka mlango wa kaburi," alisema. "Na mstari ni mmoja. Kila mtu anitajie jina, lisiwe lake."

Tumpe alitangulia kusema, "Shaibu. Mzee angeondoka, jicho langu lingesaidia nini?"

"Masunga," alisema Shaibu. "Maneno hayatoi usaha."

Masunga alitazama mikono yake. "Tumpe. Mimi nilikuwa nakusanya vitu vyangu niondoke. Mzee angefia kwenye benchi."

Saa ya ukutani ilibakiza dakika tatu.

Mimi naishia hapo. Msiniambie wagawane, maana mstari haugawiki. Wala msiniambie sheria ibadilishwe, kwa dakika tatu haibadilishwi. Kalamu nakupa wewe uliyekaa mbele umeshika shavu. Je, ungeandika jina la nani? Na ukishaandika, ungewatazamaje wale wawili?