Perege Waliokwenda Msaragambo

Ngano inatiririka!
*Itiririke, tukinge!*
Imetoka juu?
*Ishuke hadi kwetu!*

Hapo kale, mawe yalipokuwa bado laini, palikuwa na mlima, na mlimani palikuwa na ndiva. Ndiva ni bwawa, wenzangu. Hujaa usiku, hufunguliwa asubuhi, maji yakashuka kwa mfereji. Juu yalinywa maharage. Katikati ilijaa mitungi ya kina mama. Na chini kabisa, mtoni, lilikuwapo dimbwi la samaki, perege.

Kando ya dimbwi aliishi mjane, Namkunda. Mwaka huo mvua ilipita ikisalimia tu, haikukaa. Jana maji ya dimbwi yalimfika kiunoni, leo magotini. Namkunda akajua kwamba perege hawa wakifa, mto mzima hauna mbegu nyingine.

Akapanda mlima. Akapanda, akapanda, akapanda. Akamkuta shemeji yake Sekiete, mgawa zamu za maji, akamwomba siku moja tu kila juma maji yashuke hadi mtoni. Sekiete akamkumbusha mila: asiyekuja msaragambo hapati zamu. Nanyi mnaujua msaragambo. Pembe ikilia, kila mtu na jembe lake, tukasafishe ndiva.

"Shemeji," akasema Sekiete, "nionyeshe perege mmoja mwenye jembe, nami nitampa zamu."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Akapanda mara ya pili. Safari hii aliwasihi wasiikaushe ndiva kila siku, waweke akiba, maana kiangazi hakipigi hodi. Wakamjibu kwamba ikiisha leo, kesho itajaa.

Akapanda mara ya tatu, na mtungi kichwani. Zilikuwa siku za msaragambo. Utando wa kijani, mzito kama kisamvu, ulikuwa umeziba tundu la kutolea maji ya ndiva. Watu waliuzoa asubuhi, ukarudi jioni. Waliuzoa tena, ukarudi tena. Namkunda akasogea ukingoni mwa ndiva. Aliinamisha mtungi: chubwi, chubwi, chubwi.

Sekiete akauliza kulikoni.

"Nimeleta wafanyakazi, shemeji. Majembe yao wamezaliwa nayo, yamo mdomoni."

Akaomba wapewe siku saba, na kwa siku hizo maji ya ndiva yasipungue chini ya goti. Sekiete akakubali, apate cha kumchekea.

Perege wakala. Wakala, wakala, wakala. Siku ya saba tundu lilionekana jeupe, na maji yakashuka mferejini bila kukwama.

Siku ya nane watu wakahesabiwa, nani kafanya kazi, nani kategea. Yalipokwisha majina yote, Namkunda akasema, "Na perege."

Sekiete akakuna kichwa. Akatazama huku na huku apate wa kumsaidia. Mama mmoja wa mitungi akasema, "Mimi nilikosa siku mbili. Wao hawakukosa hata moja."

Mila ni mila, jamani. Mgawa zamu angesema nini? Perege wakapewa zamu yao: kila siku ya saba maji yote yashuke mtoni. Na kwa kuwa wafanyakazi wale hawawezi kuishi pakavu, jiwe likawekwa ndani ya ndiva, na maji yakifika kwenye jiwe, tundu hufungwa.

Kiangazi kikaja, kikakaa kama mgeni asiye na kwao. Milima ya jirani ikapauka. Hapa, ulipofika mwezi mbaya kuliko yote, wakaketi wote pamoja, wakafungua akiba iliyokuwa chini ya jiwe, kidogo kidogo. Maharage yakaiva. Mitungi haikulala mitupu. Namkunda naye akasimama dimbwini, maji kiunoni, akamwona perege jike akifungua mdomo na kutema watoto wake, wengi kama mbegu za mchicha.

Sekiete alikuwa ameshuka kuangalia. Akachutama ukingoni, akauliza kwa adabu kabisa, "Shemeji, na hawa wadogo niwaandikie msaragambo wa lini?"

"Waache kwanza waote meno," akasema Namkunda.

Ngano imefika bondeni.
*Tumekinga!*
Aliyekinga na anywe, na abakize.
*Tumebakiza!*