Mvinje wa Faki

"Alama usiyoitaja, usimlaumu aliyeikata." Mnaitamka kila mkigombana, wanangu, na mpaka leo hakuna aliyeuliza ilitoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na mwanzo wake ni kilio.

Kijijini Ukanga alikuwapo Mize, mkewe Faki, mvuvi wa chewa. Wakati wa kusi chewa hukaa kilindini, na Faki huenda dago, kambi ya wavuvi kwenye kisiwa cha mbali. Kaskazi ikiingia chewa husogea pwani, naye hurudi kuvua juu ya mwamba mmoja uliozama ambao hakuna mwingine aliyeujua. Mize akiuliza ulipo, Faki hucheka: "Siri ikifika kisimani, kesho kuna ngalawa kumi." Mize hakununa. Samaki walikuja, watoto wakala.

Kusi moja, Faki akiwa dago, mvua ya masika ilibomoa paa. Mtoto wao Asya akawa anakohoa chini ya matone. Mize akaazima shoka, akauangusha mvinje mrefu uliokuwa nyuma ya nyumba, akapata boriti. Mikono ilimchubuka, lakini moyo ulijaa fahari. Alitamani sana mumewe aje aone.

Faki aliporudi hakulitazama paa. Alitazama juu yake, palipobaki mbingu tupu.

"Mvinje uko wapi?"

"Si ndio boriti hizo, Baba Asya! Asya havujiwi tena."

Faki akakaa mchangani. "Mize, mti ule ndio alama yangu; nikiuona kutoka baharini umekaa mstari mmoja na kilima, ndipo najua chewa wako chini yangu. Umenipotezea mwamba!"

"Mbona hukuniambia?"

Faki akainuka, akashuka pwani kwenye ngalawa yake.

Kaskazi nzima aliutafuta mwamba, akitupa mshipi hapa na pale, akirudi na changu wawili watatu. Chewa walipoanza kurudi kilindini, aliwafuata nje ya miamba kwa ngalawa yake ndogo. Ngalawa iliokotwa imepinduka. Faki hakuonekana tena.

Matangani, dada yake Faki aitwaye Time alimnyooshea Mize kidole mbele ya wanawake. "Shoka lako ndilo lililomuua kaka yangu!"

Mize aliinua uso uliovimba kwa machozi. Hakuwa na hasira; alikuwa na uchungu tu.

"Wifi, miaka yote nilianika nguo zangu kwenye mti ule. Angeniambia neno moja, ningeloa mimi na wanangu nisiuguse. Alama usiyoitaja, usimlaumu aliyeikata."

Time akazitazama boriti, akaanza kulia upya, safari hii akiwa amemshika Mize mkono.

Tangu hapo, mvuvi wa Ukanga akioa, humpakia mkewe ngalawani, akafika naye juu ya mwamba wake, akamwonyesha mti ulio pwani. Wengine huwacheka, eti wanatoa siri kwa wanawake. Waacheni wacheke. Alama usiyoitaja, usimlaumu aliyeikata.